Muhula wa Ibilisi

Mwanachuoni wa Khurasani, Muhammad bin Abdulkarim Shahrastani, aliyefariki mwaka 1153, aliandika kitabu kikubwa cha kueleza dini na madhehebu yote yaliyomfikia habari zake, na kabla ya kuingia katika habari za Mayahudi, Wakristo, Majusi na makundi ya Waislamu wenyewe, aliona yafaa kwanza atafute shaka ya mwanzo kabisa iliyopata kuingia katika viumbe ilitoka kwa nani. Jawabu aliloliona ni kwamba ilitoka kwa Ibilisi. Akasimulia, kwa riwaya aliyosema imo katika maelezo ya wafasiri wa Injili, mjadala uliopita baina ya Ibilisi na malaika baada ya kulaaniwa kwake, ambamo mlaaniwa huyo anakiri kwanza kwamba Mungu ndiye Mola wake na Mola wa viumbe vyote, kisha analeta masuala saba, kila moja limepanda mgongoni mwa jingine. Alijua kabla ya kuniumba yatakayotoka kwangu. Basi kwa nini aliniumba? Na akisha kuniumba, kwa nini alinikalifisha utii ambao haumzidishii kitu ukiwapo wala haumpunguzii usipokuwapo? Kwa nini aliniamuru nimsujudie Adamu? Na nilipokataa, kwa nini alinilaani, ilhali sikusema ila kwamba simsujudii mwingine isipokuwa Yeye? Kwa nini aliniacha nikaingia peponi kumhadaa Adamu? Kwa nini akanisaliti juu ya wanawe, mimi nawaona na wao hawanioni? Na la saba, ambalo ndilo kubwa: nilipoomba muhula, kwa nini alinipa? Angaliniangamiza papo hapo, viumbe wangalisalimika nami, na ulimwengu usingalibaki na shari.

Suala hilo la saba, likivuliwa mapambo yake, ndilo mtoto wa chuoni analomwuliza mwalimu akiwa ameketi juu ya jamvi na msahafu mbele yake, na ndilo mwanafunzi wa katekisimu analomwuliza padre kabla ya kubatizwa: ikiwa Mwenyezi Mungu ni muweza wa kila kitu, mbona hamwui Shetani mambo yakaisha? Katika riwaya ya Shahrastani malaika wanaamriwa wamjibu Ibilisi kwamba hakuwa mkweli katika ule ukiri wake wa kwanza, kwani angalimkiri Mungu kwa moyo asingalimhukumu kwa neno "kwa nini". Mungu haulizwi alitendalo, waja ndio waulizwao. Jawabu hili, kwa mwenye imani, ni la haki. Lakini ni jawabu la kumnyamazisha mbishi, si la kumliwaza aliyefiwa wala la kumtosheleza mwenye kuuliza kwa nia njema, na yamkini ndiyo sababu ulamaa wa dini zote mbili, ya Kiislamu na ya Kikristo, walilisoma wakalikubali, kisha wakaendelea kutafuta.

Jepesi kuliko yote ni kumwondolea Mungu lawama kwa kumpunguzia uwezo. Katika karne ya tatu alitokea katika nchi ya Babeli mtu aliyeitwa Mani, akafundisha kwamba tangu azali pana falme mbili, ya nuru na ya giza, na kwamba dunia hii ni uwanja wa vita vyao, hivyo kila uovu tuuonao ni jeraha la vita ambalo Mola wa nuru hakulitaka wala hakuweza kulizuia. Mani mwenyewe alifia gerezani kwa mfalme wa Waajemi, lakini mafundisho yake yalisafiri mpaka Uchina upande wa mashariki na mpaka Afrika ya Kaskazini upande wa magharibi, na huko yakamnasa kijana mwenye akili kali, Augustino, mzaliwa wa mji wa Thagaste katika nchi iitwayo leo Aljeria, aliyeyafuata kwa muda wa miaka tisa. Alipoyaacha, akawa Mkristo na baadaye askofu wa Hippo, aliyaacha kwa sababu aliona kwamba mungu anayeweza kupigwa na kujeruhiwa hastahili kuabudiwa, na kwamba uovu hauna asili yake wenyewe hata uwe na ufalme, bali ni upungufu wa wema katika kitu kilichoumbwa chema. Shetani, kwa kauli hiyo, hakuumbwa shetani. Aliumbwa mwema akajipotoa.

Hapa Wakristo na Waislamu wanahitilafiana kidogo, nami sitakaa sana, kwa kuwa hitilafu yenyewe haigusi shina la maneno yetu: Wakristo humhesabu kuwa malaika aliyeasi, na Waislamu husoma katika Sura ya Kahf kuwa alikuwa miongoni mwa majini, ingawa wapo wafasiri wa zamani waliomhesabu pamoja na malaika. Wanalokubaliana ni kubwa zaidi. Hakuna msahafu wala Biblia impayo Shetani ufalme usio chini ya mamlaka ya Mungu. Katika kitabu cha Ayubu anakuja mbele ya Mungu pamoja na waliokuja kuhudhuria, anaulizwa atokako, na hapati kugusa hata punda mmoja wa Ayubu mpaka apewe idhini. Mara ya kwanza anaruhusiwa mali asiguse mwili, mara ya pili anaruhusiwa mwili asiguse roho. Katika Injili ya Luka, Yesu anamwambia Petro kwamba Shetani ameomba awapepete wanafunzi kama ngano: ameomba. Na katika Kurani, anapoapa kwamba atawapoteza wana wa Adamu wote isipokuwa waja wenye ikhlasi, anaapa kwa utukufu wa huyo huyo Mola aliyemfukuza, kwa maana hakuwa na kingine cha kuapia. Hata muhula wake hakupewa kama alivyoutaka. Aliomba aachwe mpaka siku watakapofufuliwa watu, na wafasiri wengi wanasema alitaka kwa hila hiyo aikwepe mauti, kwa kuwa baada ya kufufuliwa hakuna kufa tena. Akajibiwa kwamba ameachwa mpaka siku ya wakati maalumu, yaani siku ambayo Mungu anaijua, na mauti yake i ndani yake.

Basi anayedhani kwamba Mungu na Shetani ni mahasimu wawili wanaovutana, na kwamba kuchelewa kwa ushindi ni dalili ya udhaifu wa mmoja wao, amechukua imani ya Mani bila ya kujijua. Uwezo si mushkeli. Mushkeli ni ruhusa.

Na ruhusa hiyo, ukiitazama kwa makini, ni nyembamba kuliko watu wanavyoidhania. Nyoka wa kitabu cha Mwanzo hakulichuma tunda wala hakulitia mtu kinywani, alisema tu. Katika Sura ya Ibrahim imetajwa hotuba ya ajabu, atakayoitoa Shetani siku ya hukumu, wakati mambo yamekwisha na hakuna tena faida ya kusema uongo: atawaambia wafuasi wake kwamba hakuwa na mamlaka yoyote juu yao, aliwaita tu wakamwitikia, basi wasimlaumu yeye, wajilaumu wenyewe. Wahubiri wetu wa pwani hupenda kuisimulia hotuba hiyo, na haki wanayo, kwa maana sijui mahali pengine ambapo mshtakiwa mkuu wa ulimwengu anatoa ushahidi wa kweli, na ushahidi huo ukawatia hatiani mashahidi wa upande wake.

Pana jambo jingine ambalo naliona ni lenye nguvu kuliko hoja nyingi za wanafalsafa, nalo ni kwamba vitabu vyenyewe vimetuonyesha Shetani amefungwa. Imepokewa katika hadithi iliyo sahihi kwamba uingiapo mwezi wa Ramadhani milango ya pepo hufunguliwa, ya moto hufungwa, na mashetani hutiwa minyororoni. Kila Mswahili anayefunga ameisikia. Hebu basi na ende sokoni baada ya alasiri, katika kumi la mwisho, wakati watu wamekazana kununua futari: atamkuta muuza tende anapima kwa kibaba cha bati kilichobonyezwa kitako kwa ndani, hata kikijazwa juu pomoni huwa kimepungua chini robo nzima, atamkuta muuza samaki ameweka changu wa jana chini ya changu wa leo, na juu amenyunyiza maji ya bahari, atawasikia wawili wanatukanana kwa fungu moja la mihogo, kila mmoja akimkumbusha mwenzake kwamba amefunga. Minyororo ipo, na kibaba kimebonyea. Wanazuoni wameliona hilo zamani, wakajibu kwa namna mbalimbali, wengine wakisema hufungwa mashetani wakorofi tu na wadogo huachwa, wengine wakisema maasi hupungua ingawa hayakatiki. Lakini jawabu wanalorejea wengi ni kwamba maasi yana milango mingine isiyokuwa Shetani, nayo ni nafsi yenye kuamrisha uovu, na mazoea mabaya ya miezi kumi na mmoja, na mashetani wa kibinadamu, ambao hakuna aliyesema kwamba hufungwa.

Wakristo nao wana habari ya mnyororo. Katika mlango wa 20 wa kitabu cha Ufunuo, malaika anashuka na ufunguo wa kuzimu na mnyororo mkubwa, anamkamata yule joka wa zamani, anamfunga muda wa miaka 1000 na kutia muhuri juu yake asiwadanganye mataifa. Mtu angedhani kwamba baada ya miaka 1000 ya kutosikia wasiwasi wake, watu watakuwa wamesahau kabisa namna ya kudanganyika. Lakini inapotimia miaka hiyo anafunguliwa muda mchache, na hapo hapo anakusanya kwa vita watu kutoka pembe nne za nchi, ambao hesabu yao ni kama mchanga wa bahari. Hakuhitaji kuwafundisha upya. Sisemi kwamba hiyo ndiyo maana pekee ya maono hayo, ambayo makanisa yameyafasiri kwa njia nyingi na kugombana kwayo sana. Nasema tu kwamba dini mbili, kila moja kwa upande wake, zimelichukua lile pendekezo la mtoto wa chuoni, zikalijaribu mbele ya macho yetu, na zote mbili zikaonyesha kwamba kumfunga Shetani si kuutoa uovu moyoni mwa mtu.

Yabaki kuuliza, ikiwa kumwondoa si dawa, kumwacha kuna faida gani? Hapa ndipo alipojitahidi sana Ibn al-Qayyim wa Damasko, aliyeishi baina ya mwaka 1292 na 1350, mwanafunzi wa Ibn Taymiyya aliyetiwa gerezani kwa ajili ya mwalimu wake, ambaye katika kitabu chake juu ya kadha na kadari alizikusanya hekima za kuumbwa Ibilisi, moja baada ya moja. Kwa ufupi anasema kwamba ziko ibada ambazo Mungu anazipenda na ambazo haziwezi kupatikana katika ulimwengu usiokuwa na adui: subira, jihadi ya nafsi, kutaka hifadhi kwa Mungu, na hasa toba, na kwamba majina ya Mungu kama Mwenye kusamehe na Mwenye kupokea toba yangebaki bila ya kudhihirika katika viumbe wasiokosa. Askofu Irenaeo wa Lyon, aliyeishi Ufaransa katika karne ya pili, alikuwa amekwisha kukaribia fikira hiyo kwa njia nyingine, aliposema kwamba mtu hakuumbwa mpevu bali aliumbwa kama mtoto, na kama vile mama, ingawa anacho chakula cha mtu mzima, hawezi kumpa mchanga asiyekistahimili, ndivyo ukamilifu usivyoweza kumwagwa juu ya kiumbe kwa siku moja, bali hana budi aukulie.

Maulana Rumi, aliyezikwa Konya mwaka 1273, aliyaeleza hayo kwa kisa kimoja katika kitabu cha pili cha Masnavi, kisa ambacho nakipenda kuliko hoja zote nilizozitaja, kwa sababu kimeongeza jambo ambalo wenye hoja hawakulisema. Khalifa Muawiya amelala katika jumba lake, milango imefungwa, mara anaamshwa. Anatazama, haoni mtu. Anatafuta, anamkuta mmoja amejificha nyuma ya mlango, naye ni Ibilisi. Amekuja kufanya nini? Amekuja kumwamsha kwa sala, wakati umekaribia kupita. Muawiya haamini, na hapo pana mabishano marefu ambayo Ibilisi anajitetea kwa ufasaha: kwamba naye zamani alikuwa katika waja watiifu na mapenzi ya kwanza hayasahauliki, na kwamba yeye ni jiwe tu la kupimia dhahabu, hageuzi safi kuwa ya uongo wala ya uongo kuwa safi. Muawiya anambana mpaka anasema kweli. Alimwamsha kwa kuogopa kwamba, lau sala ingempita, angeamka akaungua kwa majuto, na pumzi moja ya majuto hayo ingekuwa na thamani mbele ya Mungu kupita sala mia mbili za mtu aliyezoea. Alichofanya ni kumpa jema dogo ili amnyime kubwa. Hapo Ibilisi anaonekana kuwa mtumishi asiyetaka kuwa mtumishi, akilazimika hata kuamsha watu kwa ibada, na asijue kamwe, katika kila hila aipangayo, faida itakwenda upande gani.

Wapo Masufi waliozidi hapo, kama Hallaj aliyeuawa Baghdadi mwaka 922, wakamfanya Ibilisi kuwa mpenzi aliyependelea kulaaniwa kuliko kumsujudia asiyekuwa Mungu. Ni maneno mazuri kuyasikia, lakini naungana na wengi walioyakataa, kwa maana sababu aliyoitoa Ibilisi mwenyewe katika Kurani haikuwa mapenzi bali nasaba: yeye wa moto na Adamu wa udongo. Hiyo ni sauti tunayoijua sana katika mitaa yetu, wala haina harufu ya uchaji.

Waendao hija wanayafahamu haya kwa mikono yao. Siku ya Idi, pale Mina, hurusha vijiwe 7 katika mnara mmoja, vijiwe vidogo visivyozidi sana punje ya dengu. Kesho yake hurusha 21 katika minara yote mitatu, na kesho kutwa vile vile 21, mahali ambapo husemwa kuwa Nabii Ibrahimu alimpiga mawe Shetani alipomzuia njiani. Hakuna haji anayedhani kwamba amemwua. Angalikufa kwa vijiwe vya jana, leo asingalirudi na vingine.

Nimeyasema hayo kwa raghba, kwa kuwa nayaamini. Lakini msomaji mwangalifu amekwisha kuona pale yanapokatika. Hekima zote hizi zinamhusu mtu anayejaribiwa: akishinda hupata daraja, akishindwa hupata toba. Je, yule ambaye hakujaribiwa kwa lolote, akaangukiwa tu na matokeo ya majaribu ya mwingine? Husimuliwa kwamba Abul-Hasan al-Ashari wa Basra, aliyefariki yapata mwaka 936, alimwuliza mwalimu wake al-Jubbai, mkubwa wa Muutazila, waliosema kwamba Mungu hana budi kumtendea kila mja lililo bora kwake, juu ya ndugu watatu waliokufa, mmoja mkubwa na mchaji, mmoja mkubwa na mwasi, wa tatu mtoto mdogo. Al-Jubbai akajibu kwamba wa kwanza yumo peponi, wa pili motoni, na wa tatu amesalimika tu. Mtoto akisema, Ee Mola, ungaliniacha nikakua nikapata daraja ya kaka yangu? Ataambiwa: Nilijua kwamba ukikua utaasi uingie motoni, basi bora kwako ilikuwa kufa mdogo. Al-Ashari akauliza: na yule wa motoni akipaza sauti hapo, akasema, Ee Mola, nami si ulijua? Mbona hukunifisha mdogo? Mwalimu hakuwa na jawabu, na mwanafunzi akauacha mkeka wake. Asemaye kwamba anaijua faida ya kila ruhusa aliyopewa Ibilisi, juu ya kila mtu mmoja mmoja, ataulizwa na ndugu huyo wa pili.

Kwa hiyo namrejea Ayubu, ambaye Kurani pia imemtaja akilia kwamba Shetani amemgusa kwa mashaka na adhabu. Katika kitabu chake cha Biblia, chenye milango 42, Shetani yumo katika miwili ya mwanzo tu. Katika hiyo anapewa ruhusa, na kwa ruhusa hiyo wanakufa watoto kumi, wa kiume saba na wa kike watatu, nyumba ikiwaangukia kwa upepo wa jangwani wakiwa katika karamu kwa kaka yao mkubwa. Nao hawakuwa na sehemu katika mtihani ule, walikuwa ndio karatasi ya mtihani. Kisha Shetani anatoweka. Marafiki watatu wanakuja, wanakaa na Ayubu chini siku saba bila ya kusema neno, na hilo ndilo jema kubwa walilolifanya, kwani wakisha kufungua vinywa wanasema kwa milango mingi kwamba Mungu ni mwadilifu na haiadhibu nafsi isiyokosa, hoja safi, zimepangwa vizuri, hazina mahali pa kuingiza sindano. Ayubu anazikataa zote na anamwita Mungu mwenyewe aje ajibu.

Mungu anakuja katika upepo wa kisulisuli, na anasema juu ya misingi ya nchi, mipaka ya bahari, ghala za theluji, paa wanapozaa majabalini, mbuni anayeacha mayai yake mchangani, farasi anayenusa vita kutoka mbali. Hasemi neno hata moja juu ya Shetani, wala juu ya yale mazungumzo ya mlango wa kwanza, na Ayubu anakufa mzee, ameshiba siku, bila ya kuambiwa. Mali yake inarudishwa maradufu: kondoo 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000. Watoto anapewa kumi, idadi ile ile, na wafasiri wamesema mengi juu ya hesabu hiyo ambayo hakuna mama, nadhani, atakayeikubali. Ama wale marafiki watatu, waliomtetea Mungu kwa hoja zisizo na ufa, Mungu alimwambia mkubwa wao, Elifazi Mtemani, kwamba ghadhabu imewaka juu yake na juu ya wenziwe kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu, na kwamba Ayubu ndiye atakayewaombea. Akawaamuru watwae fahali saba na kondoo waume saba, wampelekee.